Sura ya Tano: Mashapo Meupe

Kipande cha shabu, kile kinachouzwa sokoni pamoja na ubani, udi na magadi, hakina makuu kwa kukitazama. Ni jiwe jeupe linalopitisha mwanga, lenye ukakasi mdomoni. Wanaume hulipaka shavuni baada ya kunyoa ndevu, na katika nyumba nyingi hukorogwa kwenye ndoo ya maji ya mtoni mpaka tope lijikusanye, lizame chini, na maji ya juu yabaki maangavu. Kikemia, shabu ni chumvi ya salfeti yenye metali mbili, potasiamu na alumini, iliyofungana na molekuli 12 za maji. Anayekoroga ndoo ile anafanya kazi ileile inayofanyika maabara: anaichukua alumini iliyomumunyika na kuilazimisha irudi kuwa kitu yabisi. Yabisi hiyo inayojitenga na kimiminika na kutuama ndiyo nitakayoiita mashapo katika sura hii, na hoja yangu juu yake ni moja. Mashapo ya alumini huwa yalivyo kwa sababu ya njia yaliyopitia. Viambato vilevile, vikichanganywa kwa kasi nyingine, joto jingine au uchachu mwingine, hutoa vitu tofauti ambavyo vitabu vingi huvipa jina moja. Kwa hiyo kutaja ulichochanganya hakutoshi kusema umetengeneza nini. Kazi haijaisha mpaka kilichopatikana kitambuliwe.

Kazi hiyo ya kutengeneza na kutambua kwa pamoja ni kongwe kuliko metali yenyewe. Mwaka 1754, mkemia Mjerumani Andreas Sigismund Marggraf alitia alikali kwenye mmumunyo wa shabu akapata udongo mweupe. Wakati huo wapo walioamini kwamba udongo ulio ndani ya shabu ni aina ya chokaa. Marggraf aliupima kwa asidi, akaulinganisha na chokaa, akaonyesha kuwa ni kitu kingine kabisa, na kwamba kitu hichohicho kimo ndani ya udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1797 Wafaransa Chaptal na Vauquelin walithibitisha kuwa shabu haikamiliki bila potasiamu, au kitu cha kushika nafasi yake. Metali ya alumini haikupatikana mpaka mwaka 1825, kwa mikono ya Ørsted kule Copenhagen, na miaka miwili baadaye kwa Wöhler. Yaani kwa miaka 71 watu walikuwa na ushahidi wa elementi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na ushahidi wote ulikuwa mashapo meupe yaliyooshwa, yakakaushwa na kuhojiwa kwa subira.

Tulitazame tendo lenyewe kwa karibu. Gramu 47.4 za shabu zikimumunyishwa katika lita moja ya maji, hupatikana mmumunyo mwangavu kama maji ya kunywa, ila ni mchachu: pH yake ni 3 na kitu. Uchachu huo unatokana na alumini yenyewe. Kila ayoni yake huzungukwa na molekuli 6 za maji, na huzivuta kwa nguvu kiasi kwamba baadhi huachia hidrojeni. Sasa amonia idondoshwe tone kwa tone huku mmumunyo ukikorogwa. Tone la kwanza huacha wingu jeupe pale linapoangukia, na wingu hilo hupotea mara kikorogeo kinapolifikia. Matone mengi yanayofuata huwa hivyohivyo. Kisha huja tone ambalo wingu lake halipotei. Mmumunyo hugeuka kama maji yaliyooshewa mchele, na muda si mrefu huwa mzito, wenye utelezi, unaofanana na ute wa yai lililoanza kuiva. Ukiumimina kwenye karatasi ya chujio, maji hutoka kwa kusuasua, na baada ya muda mrefu karatasi bado imebeba rojo linalotikisika. Kwa hesabu ya karatasini, mchanganyiko huo ungetoa gramu 7.8 za alumini hidroksidi. Mizani aghalabu husoma zaidi ya hapo, kwa sababu rojo limemeza maji na salfeti na halitaki kuviachia.

Wingu lile linalokuja na kutoweka lina habari muhimu kuliko mlingano wowote ubaoni. Mahali tone linapoangukia, kwa sekunde chache, hali ni tofauti na sehemu nyingine ya chombo: amonia imejaa pale, alumini inakusanyika upesi, na vipande vya kwanza vya yabisi vinazaliwa kabla ya kujipanga. Mpishi yeyote analijua jambo hili. Unga ni uleule, maji ni yaleyale na moto ni uleule, lakini anayeumwaga unga kwa mkupuo kwenye maji yanayochemka atapata madonge, na aliyeukoroga kwanza kwa maji baridi atapata uji laini. Upande wa alumini, mambo yanakwenda mbali zaidi ya madonge. Kabla mashapo hayajaonekana, ayoni zake huungana majini kuwa vikundi, na kimojawapo kinajulikana vizuri: ni fungu la atomi 13 za alumini, moja katikati na 12 zikiizunguka, ambalo Msweden Georg Johansson alichapisha muundo wake mwaka 1960. Kama vikundi hivyo vitajengeka au la, na kwa wingi gani, kunategemea alikali imeingia kwa kasi gani na maji yalikuwa na joto gani. Yabisi inayokuja baadaye hujengwa kwa matofali yaliyokwisha kufyatuliwa.

Na majengo yenyewe si aina moja. Alumini hidroksidi yenye fomula ileile, alumini moja kwa hidroksidi tatu, ina sura zaidi ya moja za fuwele. Gibisaiti ndiyo inayopatikana kwa wingi katika boksiti, mawe ambayo alumini hutolewa. Bayeraiti hutengenezwa zaidi maabara. Nodistrandaiti ni adimu. Zote zimejengwa kwa matabaka yanayofanana, tofauti ikiwa ni namna tabaka moja lilivyolazwa juu ya jingine. Kando yake yuko ndugu mwenye maji pungufu, boemaiti, ambaye ni oksidi-hidroksidi, na pacha wake asiye na umbo zuri, mwenye fuwele ndogo mno na maji ya ziada, aitwaye boemaiti bandia. Rojo likitengenezwa karibu na pH ya kati, hasa kwa joto, huelekea huko kwenye boemaiti bandia. Likiachwa likae ndani ya alikali kali na baridi, hugeuka bayeraiti. Gibisaiti huja polepole, mara nyingi kutoka kwenye mmumunyo wa kostiki, yaani sodiamu hidroksidi. Na kama alikali imetiwa kidogo mno katika mmumunyo wa salfeti, kinachotuama si hidroksidi kabisa. Ni chumvi ya salfeti yenye hidroksidi ndani yake, ambayo kuiosha kwa maji mara kumi hakuitoi salfeti yote.

Aliyelielewa hili mapema kuliko wengi, na kulifanya kiwanda, ni mkemia wa Austria Karl Josef Bayer. Alikuwa akifanya kazi Saint Petersburg, Urusi, miaka ya 1880, na shida iliyomkabili ilikuwa ya wapaka rangi nguo: walihitaji alumini hidroksidi safi ili rangi ishike kwenye pamba. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuichoma boksiti pamoja na magadi, kuimumunyisha, kisha kuituamisha alumini kwa hewa ya kaboni dioksidi. Mwaka 1887 Bayer aligundua kwamba mmumunyo wa alikali ukipandikizwa mbegu, yaani chembe za hidroksidi zilizokwisha kutengenezwa, na kukorogwa taratibu, alumini hutuama yenyewe. Aliona pia tofauti ambayo ndiyo kiini cha sura hii. Mashapo yaliyotoka kwenye mmumunyo wa asidi yalikuwa rojo lisilochujika wala kuosheka. Yaliyotoka kwenye alikali kwa mbegu yalikuwa chembechembe za fuwele, zinazozama upesi, zinazochujika na kuoshwa bila taabu. Mwaka 1892 aliongeza hatua ya kuichemsha boksiti ndani ya kostiki kwa mgandamizo, na kwa msingi huo viwanda vya alumina, yaani oksidi ya alumini, vinaendeshwa mpaka leo. Sufuria nyepesi za alumini tunazopikia, nyaya za umeme zinazovuka mbuga na fremu za madirisha vimepitia mle. Takriban tani 4 hadi 5 za boksiti hutoa tani 2 za alumina, na hizo hutoa tani 1 ya metali. Lau Bayer angeridhika kwamba fomula ni ileile, dunia ingekuwa bado inalikamua rojo kwenye vitambaa.

Kuna kisa kidogo kinachofuatana na jina lake ambacho kinastahili kutajwa hapa. Bayeraiti ilipewa jina hilo kwa heshima yake, kwa kudhaniwa kuwa ndiyo zao la kiwanda chake. Sivyo. Kinachotuama katika matangi ya Bayer ni gibisaiti. Wakemia stadi, wenye nia njema, walivichanganya vitu viwili vyeupe vyenye fomula moja, na jina likabaki.

Msomaji aliyesoma kemia ya sekondari atakuwa na pingamizi lake tayari. Darasani tulifundishwa, atasema, kwamba mashapo meupe yanayomumunyika katika sodiamu hidroksidi iliyozidi, na yasiyomumunyika katika amonia iliyozidi, yanaonyesha alumini, na jaribio hilo limetosha kwa vizazi vya watahiniwa. Ni kweli, na ni jaribio zuri. Linaonyesha kwa macho tabia ya pekee ya hidroksidi hii, kwamba huyeyukia kwenye asidi na kwenye alikali kali pia, na linaitenganisha alumini na zinki, ambayo amonia iliyozidi huimumunyisha. Hata hivyo risasi nayo hutoa majibu yaleyale, na mtahiniwa makini hulazimika kuongeza ayodidi, aone kama unjano utatokea, kabla ya kuandika jibu. Zaidi ya hapo, jaribio lile linaitambua ayoni iliyokuwa ndani ya mmumunyo. Halisemi lolote kuhusu yabisi iliyotuama: ni rojo au fuwele, ina salfeti kiasi gani, imebeba maji mangapi. Kosa linaanza pale mwanafunzi anapofika chuo kikuu, akachanganya chumvi na amonia, akaosha, akakausha, akapima, akaandika kwenye chupa "alumini hidroksidi" kana kwamba jibu la mtihani wa sekondari limemthibitishia. Jina lile amelitoa kwenye mlingano, na chupa haijaulizwa bado.

Msomaji atarudi na pingamizi zito zaidi: kuna ubaya gani, ikiwa kazi inafanyika? Mfano ulio karibu na kila mzazi ni chanjo. Mwaka 1926 Mwingereza Alexander Glenny na wenzake walionyesha kwamba sumu ya dondakoo iliyopunguzwa makali, ikituamishwa kwa shabu kabla ya kudungwa, huuamsha mwili kujikinga vizuri zaidi kuliko ikidungwa peke yake. Tangu hapo chumvi za alumini zimekuwa ndani ya chanjo nyingi, zikiwemo za dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini ya B. Kwa miongo mingi ziliandikwa kwa majina mepesi: shabu, alumini hidroksidi, alumini fosfeti. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wakiwemo Stanley Hem na Joe White, walipozipeleka kwenye eksirei na mwanga wa infraredi. Ile iliyoitwa alumini hidroksidi ilikuwa boemaiti yenye fuwele hafifu. Ile iliyoitwa alumini fosfeti ilikuwa mchanganyiko usio na fuwele, wa hidroksidi na fosfeti. Na iliyotuamishwa kwa shabu penye fosfeti ilikuwa na salfeti ndani yake pia.

Majina hayo yana uzito. Katika pH ya mwili, iliyo karibu na 7.4, uso wa boemaiti hubeba chaji chanya, ilhali ule wa fosfeti hubeba chaji hasi. Protini yenye chaji hasi itang'ang'ania boemaiti na kuteleza kwenye fosfeti, na yenye chaji chanya itafanya kinyume chake. Mtengenezaji aliyechagua kwa kufuata jina la chupa angeweza kuoanisha protini na yabisi visivyopatana, na asielewe kwa nini chanjo yake haijakaa sawa. Yabisi ya alumini iliyomo ndani ya chanjo ina udhaifu mwingine ambao wahudumu wa afya wa vijijini wanaujua kuliko maprofesa wengi. Chanjo hizi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na zikiganda huharibika. Barafu inapokua huzisukuma chembe za alumini zikabanana, zikashikana kuwa mabonge, na hata ikiyeyuka mabonge hayaachani. Muuguzi anayetia shaka juu ya kichupa huchukua kingine cha aina ileile kilichogandishwa kwa makusudi na kuyeyushwa, akavitikisa vyote viwili kwa pamoja, akaviweka mezani na kutazama. Kilichoganda hutuama upesi, na chini yake hubaki masimbi mazito. Kilicho kizima hubaki na weupe wa maziwa kwa muda mrefu. Hapo hakuna mashine wala umeme. Ni utambuzi wa mashapo kwa kasi ya kuzama, na uhai wa watoto umeegemezwa juu yake.

Dawa za kiungulia zinasema jambo hilohilo kwa ufupi. Rojo kavu la alumini huondoa asidi ya tumbo kwa sababu halijajipanga. Likikaa na kuzeeka, chembe zake hujipanga, na nguvu yake hupungua ingawa alumini ndani yake ni ileile. Watengenezaji huacha kaboneti kidogo ndani ya rojo ili kuzuia mpangilio huo. Gibisaiti safi, ambayo mtu angedhani ndiyo bora kwa kuwa ni safi, ingepita tumboni bila kufanya kazi ya maana.

Pingamizi jingine linatoka kwa wahandisi wa maji, na lina nguvu. Mitambo ya maji imetumia alumini salfeti kwa zaidi ya karne moja, na hakuna anayelipeleka tope la tangi kwenye eksirei kabla ya kufungua bomba. Nakubali. Lakini tazama wanachofanya badala yake. Kila maji ya mto yanapobadilika, mvua inapoleta tope jipya, mtaalamu hupanga vyombo vya kioo kwenye mstari, akatia dozi tofauti za alumini, akavikoroga kwa nguvu kisha taratibu, akasubiri, akatazama mafundo yanavyokua na kuzama, akapima uangavu na pH. Anajua kwamba alumini salfeti inayaongezea maji uchachu, na kwamba nje ya pH ya kati, chini ya 6 kwa mfano, au juu ya 8, alumini hubaki imemumunyika na kuwafuata watu majumbani. Huko ni kutambua mashapo kwa kazi yake. Mhandisi hapuuzi njia. Anairudia upya kila siku, mbele ya macho yake.

Nyanda za Meru na Arusha zina ushahidi mkali zaidi. Maji ya volkeno huko hubeba floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya watu waliokulia pale yanajulikana Tanzania nzima. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa huko hukizidi kwa mbali. Njia mojawapo iliyojaribiwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto ilianzia India na inaitwa kwa jina la mji wa Nalgonda: shabu na chokaa hutiwa kwenye ndoo ya maji, hukorogwa kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha taratibu, na mashapo ya alumini hutuama yakiwa yameikamata floraidi. Watafiti walitumia ndoo mbili, moja juu ya nyingine, ili maji yakishatulia yashuke kupitia kitambaa na yaachane na tope mapema. Sababu ya kuyatenganisha inastahili kutiliwa mkazo. Yakiachwa pamoja usiku kucha, floraidi iliyokamatwa inaweza kurudi majini. Mashapo hayakufa yalipotuama. Yanaendelea kujipanga na kuachia yalichokishika. Mama anayefungua bomba la ndoo asubuhi hanywi fomula. Anakunywa kile ambacho rojo limekuwa baada ya saa nane, na kati ya saa ya kwanza na ya nane kuna tofauti ambayo mlingano hauandiki.

Yupo atakayesema kwamba haya yote hufutwa na moto. Ikiwa lengo ni oksidi, na mashapo yanakwenda tanurini, kuna haja gani ya kujua yalikuwa nini kabla? Ni pingamizi ninaloliheshimu, kwa kuwa karibu liwe kweli. Juu ya nyuzijoto 1,100 au 1,200, njia zote hukutana kwenye korundamu, oksidi ngumu iliyo ndugu wa yakuti. Chini ya hapo oksidi hukumbuka ilikotoka. Boemaiti ikichomwa hadi kama nyuzijoto 500 huwa alumina ya gama. Bayeraiti huwa ya eta. Gibisaiti safi hupitia njia ya kai. Alumina ya gama nzuri huwa na matundu madogo mno yaliyojaa ndani yake, kiasi kwamba gramu moja inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 200 na zaidi, na ndiyo maana viwanda vya kusafisha mafuta huitumia kubebea vichocheo. Ukubwa wa matundu hayo umeamuliwa zamani, ndani ya bika, na namna amonia ilivyodondoka.

Tukubaliane basi kwamba kutambua ni lazima, ibaki hoja ya uwezo. Chombo kinachotenganisha gibisaiti na bayeraiti bila ubishi ni eksirei ya unga, sayansi iliyoanzia kwa Max von Laue mwaka 1912 na baba na mwana Bragg mwaka uliofuata. Mionzi ikigonga matabaka ya fuwele hurudi kwa pembe maalumu, na kila aina ina pembe zake. Kwa mionzi ya shaba, gibisaiti huinua mlima wake mkubwa karibu na nyuzi 18.3, bayeraiti karibu na 18.8 na mwingine mkubwa karibu na 40.6, boemaiti karibu na 14.5. Tofauti ya nusu nyuzi ndiyo iliyobeba jina zima. Lakini eksirei nayo haioni kila kitu. Rojo lisilojipanga halitoi mlima, hutoa kituta kipana tu, na sampuli yenye fuwele kidogo ndani ya rojo jingi itaonekana kana kwamba ni fuwele tupu, kwa kuwa kinachoimba ni fuwele na rojo limenyamaza. Anayetegemea mchoro mmoja hajapiga hatua kubwa kumzidi anayetegemea jina.

Vyuo vingi katika nchi zetu havina eksirei, au vinayo moja yenye foleni ndefu, na sikubali kwamba hiyo ni ruhusa ya kuandika jina bila ushahidi. Mizani na tanuri vipo. Gibisaiti na bayeraiti zikichomwa mpaka zibaki oksidi hupoteza asilimia 34.6 ya uzito wake, kwa kuwa molekuli mbili za hidroksidi huachia maji matatu. Boemaiti hupoteza asilimia 15.0. Pengo hilo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa mizani ya kawaida ya maabara. Mashapo yakioshwa, maji ya mwisho ya kuoshea yapimwe kwa bariamu kloridi: wingu jeupe lisiloyeyuka katika asidi linasema salfeti bado inatoka. Kisha chembe kidogo ya mashapo yenyewe imumunyishwe kwa asidi ya haidrokloriki na kupimwa vilevile, kwani maji yanaweza kuwa safi huku yabisi ikiwa imejaa salfeti. Mapovu wakati wa kumumunyisha yanasema kaboneti. Muda wa kuchuja, ukiandikwa kwa dakika, unasema rojo au chembe. Vipimo hivi haviwezi kuitenga gibisaiti na bayeraiti, na mwandishi wa ripoti awe mwaminifu kusema hivyo, aandike "hidroksidi yenye fuwele" aishie hapo.

Mara nyingi namba haitakuwa 34.6 wala 15.0. Itakuwa 28, kwa mfano, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Huenda ni boemaiti bandia iliyobeba maji ya ziada. Huenda ni hidroksidi na boemaiti zimechanganyika. Sampuli ileile ipimwe kwa hatua: ikaushwe kwanza kwenye nyuzijoto 110 mpaka uzito usimame, kisha ichomwe kwa 350, kisha kwa 1,000, na kila mara ipoe ndani ya chombo kisichoingiza unyevu kabla ya kurudi mizanini. Maji yaliyobebwa tu huondoka mwanzoni. Hidroksidi yenye fuwele huachia sehemu kubwa ya maji yake kabla ya 350. Boemaiti huyashikilia yake mpaka baada ya 400. Namba tatu zikipangwa kwenye mstari mmoja wa daftari, na ya katikati ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, jina lililokwisha kuandikwa kwenye chupa lifutwe, liandikwe jingine.